Khabari za Emin Pasha, Aliyejenga Boma la Bukoba

Emin Pasha alizaliwa Oppeln, katika nchi ya Prussia, mwaka 1840, na jina lake la kwanza ni Eduard Schnitzer. Wazazi wake walikuwa Mayahudi. Baada ya kufa baba yake akabatizwa. Alisoma utabibu, kisha akaingia nchi za Sultani wa Uturuki, na huko akajiita Mehmed Emin, akaishi kama Waislamu waishivyo. Kwamba imani ilikuwa moyoni au ulimini tu, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Mwaka 1876 Gordon alimtwaa awe tabibu wa Ikweta, mkoa wa Misri ulioko kusini kabisa ya Sudani. Mkoa ule ulikuwa na uadui na Bunyoro, kwani mwaka 1872 Samuel Baker alitangaza kuwa nchi ile ni mali ya Misri, akapigana na Mukama Kabarega, akachoma mji wa Masindi, naye akarudi akifukuzwa njia nzima. Emin hakupeleka jeshi. Mwaka 1877 alikwenda mwenyewe na watu wachache, akakaa kwa Kabarega, wakasikizana. Sulhu ile ilidumu miaka kumi, hata mjumbe wake Casati alipofukuzwa mwaka 1888.

Baada ya Mahdi kuifunga njia ya Khartoum, Stanley alimtoa, wakafika Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889. Akaingia kazi ya Wadachi. Mwaka 1890 alipatana na Waarabu wa Tabora, wakaikubali bendera bila ya vita. Wakubwa wake walimkasirikia, maana hawakumtuma huko.

Tarehe 1 Julai mwaka ule ule Wadachi na Waingereza walikuwa wamekwisha kutia sahihi mkataba wao kule Berlin, mpaka ukawa digrii 1 kusini ya mstari wa Ikweta. Basi Novemba Emin akajenga boma Bukoba, kusini kidogo ya mstari ule. Wafalme wa Kiziba, Kyamtwara na Ihangiro, ambayo leo ni Muleba, hawakuulizwa neno.

Mwaka 1891 alikwenda magharibi. Ndui ikawaua watu wake, na macho yake yakafifia. Oktoba 1892 vita ya Waarabu wa Manyema na Dola ya Kongo ilikuwa imekwisha kuwaka. Emin alikuwa na barua ya Kibonge ya kumpa amani ya njia. Alipofika kwa Kinena, watu wake wakapelekwa shambani kutafuta chakula, yeye akashikwa, akasomewa barua ya pili ya Kibonge yule yule, ya kuamuru auawe. Akachinjwa, naye ana umri wa miaka 52.