Heinrich, mchambuzi wa ajali za viwandani

HERBERT William Heinrich, Mmarekani aliyezaliwa mwaka wa 1886, ndiye mwanzilishi wa mafunzo ya kuzuia ajali kazini kwa kurekebisha mienendo ya wafanyakazi.

Akiwa mwajiriwa wa kampuni ya bima ya Travelers, alichapisha kitabu mwaka wa 1931 akikadiria kwamba kwa kila jeraha baya moja hutokea majeraha madogo 29 na visa 300 visivyomdhuru mtu. Hivyo basi, aliwahimiza wasimamizi wasingoje damu imwagike ndipo wachukue hatua.

Isitoshe, baada ya kuchambua ajali 75,000, alidai asilimia 88 zilitokana na vitendo vya hatari vya watu, na asilimia 10 pekee na ubovu wa mitambo au mazingira. Hata hivyo, hesabu hiyo ilitoka katika majalada ya bima na kumbukumbu za wenye viwanda, wala si katika simulizi za waliojeruhiwa.

Heinrich mwenyewe alionya kwamba mpango wa usalama haukamiliki bila kuondoa hatari za mitambo. Alifariki mwaka wa 1962. Waajiri wengi walishika asilimia 88, wakalisahau onyo hilo, na lawama ikabaki kwa mfanyakazi.