Manute Bol na fedha zilizoiponza Cleveland State

Kijana wa Kariobangi anayeahidiwa nafasi ya chuo Marekani kwa ajili ya mpira wa vikapu angefaa kuyajua yaliyomfika Manute Bol, Mdinka aliyechunga ng'ombe kusini mwa Sudan na kufikia urefu wa sentimita 231.

Bol aliwasili Marekani mwaka 1983. Kocha wa Chuo Kikuu cha Cleveland State, Kevin Mackey, alimtaka mno, ingawa kijana huyo hakujua kusoma wala kuandika Kiingereza. Hata tarehe ya kuzaliwa hakuwa nayo. Miaka mingi baadaye, Mackey alikiri kuwa ile ya Oktoba 16, 1962 aliibuni yeye mwenyewe.

Bol hakuichezea Cleveland State hata mechi moja. Hata hivyo, mwaka 1988 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kiliiadhibu kwa kumpa yeye na Waafrika wengine wawili fedha kinyume cha kanuni. Zilikuwa kanuni ngumu, hasa kwa mgeni aliyefika mikono mitupu.

Wakati huo Bol alikwisha kupitia Chuo Kikuu cha Bridgeport na kuingia ligi ya kulipwa ya NBA. Katika msimu wake wa kwanza, 1985-86, akiwa na Washington Bullets, alizuia mipira 397 isiingie kikapuni. Sehemu kubwa ya mapato yake aliitoa kwa wakimbizi wa vita vya kwao, hata akaishiwa.

Alifariki Juni 19, 2010 katika jimbo la Virginia, mwaka mmoja kabla ya Sudan Kusini kupata uhuru.