Bernard Brunhes: Aliyegundua kwamba dira ya dunia iliwahi kugeuka

Wachimbaji waliomiminika Kakamega kuanzia mwaka 1931 walikuwa wakisaka dhahabu. Hata hivyo, miamba ya kale ya volkeno waliyoipasua, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ni ya kundi lililohifadhi hazina nyingine: kumbukumbu ya sumaku ya dunia. Miongoni mwa waliofungua njia ya kuisoma kumbukumbu ya namna hiyo ni mwanafizikia Mfaransa, Bernard Brunhes.

Brunhes alizaliwa mjini Toulouse mwaka 1867. Alifundisha Lille na Dijon kabla ya kukabidhiwa, mwaka 1900, uongozi wa kituo cha uchunguzi cha Puy de Dôme, mlima wa volkeno katikati mwa Ufaransa.

Wakati huo ilikwishajulikana kwamba lava inapopoa, chembe zake za madini ya chuma huwa sumaku ndogo zinazofuata mwelekeo wa dira wa siku hizo. Jiwe likishapoa, mwelekeo huo hubaki humo.

Mwaka 1905 Brunhes alipima lava ya Pontfarein pamoja na udongo wa mfinyanzi uliochomwa na lava hiyo. Vyote viwili vilielekea kinyume na dira ya leo. Iwapo vitu viwili tofauti vilivyopoa pamoja vilikuwa na mwelekeo mmoja, basi kasoro haikuwa katika jiwe. Ncha za sumaku ya dunia ndizo zilizokuwa zimebadilishana nafasi.

Wanasayansi wengi hawakushawishika. Brunhes alifariki mwaka 1910 akiwa na umri wa miaka 42, hoja yake ikiwa bado haijakubaliwa. Mjapani Motonori Matuyama aliitilia nguvu mwaka 1929, lakini ubishi ulikwisha katika miaka ya 1960, umri wa lava ulipoweza kupimwa barabara. Lava ya Olduvai, Tanzania, ilichangia ushahidi huo, na kipindi kimoja cha sumaku kikapewa jina la bonde hilo.

Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya upimaji wa sumaku katika miamba ya Nyanzian ya magharibi mwa Kenya, kundi ambalo miamba ya Kakamega ni sehemu yake.

Brunhes hakuuona ushindi wake. Lakini kipindi cha sumaku tunachoishi sasa, kilichoanza yapata miaka 780,000 iliyopita, kinaitwa kwa jina lake.