Kipchomber arap Koilegen: Ngazi za Siri na Njia ya Uhamisho

Kila jamii ina maarifa yake ya wazi na maarifa yake ya siri. Ya wazi hutolewa kwa kila mtoto kando ya moto wa jioni. Ya siri hufikiwa kwa ngazi, hatua baada ya hatua, na anayezipanda huapa kutoyatoa nje. Miongoni mwa Wakipsigis wa nyanda za juu za Bomet na Kericho, jina lililoshikamana zaidi na maarifa ya namna hiyo ni la Kipchomber arap Koilegen, orkoiyot wa kwanza wa jamii hiyo, aliyefariki uhamishoni mwaka 1916. Maisha yake ni ya mtu aliyefika kilele cha ngazi hizo, kisha akaangushwa na watawala waliozichukia kwa kuwa hawakuweza kuziona.

Kipchomber alizaliwa katika ukoo wa Talai, ukoo ambao asili yake huhusishwa na Wamaasai na ambao katika karne ya 19 ulikuwa umeshika uongozi wa kiroho wa Wanandi. Baba yake, Kimnyole arap Turukat, alikuwa orkoiyot wa Wanandi. Cheo hicho hakikuwa ufalme. Mambo ya kila siku yaliamuliwa na wazee katika mabaraza yao, lakini hapakuwa na vita vilivyoanzishwa bila baraka za orkoiyot. Ndiye aliyebashiri yajayo, akasoma ishara na kuomba mvua. Wajumbe wake, waitwao maotik, walihudhuria mabaraza ya mbali na kumletea habari. Kwa njia hiyo mtu mmoja aliweza kuzisikia sauti za nchi nzima bila kutoka uani kwake.

Jina lake lenyewe ni kumbukumbu ya ngazi ya kwanza. Neno arap, lenye maana ya mwana wa fulani, halikutangulia jina la mtoto mdogo. Mvulana alilipata baada ya jando, alipokuwa amekaa faraghani na wenzake na kufunzwa na motiriot, yaani mwalimu wa wari. Huko alijifunza nyimbo, alama na miiko ambayo hakuruhusiwa kumweleza asiyepitia njia hiyo. Akitoka aliingia katika rika lake na kuwa shujaa wa vita, na baada ya miaka mingi akawa mzee wa baraza. Ngazi hizo zilikuwa za kila mwanamume. Juu yake kulikuwa na nyingine iliyofungwa kwa damu. Maarifa ya orkoiyot yalirithishwa ndani ya Talai pekee, na hata humo si kila mwana aliyeyapata. Ilibidi kipawa kionekane.

Kupanda huko kulikuwa na hatari yake. Katika miaka ya mwisho ya Kimnyole, Wanandi walipatwa na njaa, maradhi ya mifugo na kushindwa vitani. Lawama ikamwangukia yeye aliyetarajiwa kuyazuia hayo yote, na mwaka 1890 akauawa kwa rungu na watu wake mwenyewe. Masimulizi ya Wanandi husema kwamba kabla ya kufa alitabiri kuja kwa wageni weupe na nyoka wa chuma atakayetoka upande wa bahari. Hivyo Kipchomber alijifunza mapema kwamba mkono unaoheshimiwa kwa kuleta mvua ndio utakaoshtakiwa kwa ukame.

Mauti ya Kimnyole yalifuatwa na mzozo wa urithi. Baadhi ya watu walimfuata Kipchomber, wengine wakasimama na ndugu yake, Koitalel arap Samoei, na pande hizo mbili zikapigana. Mwaka 1895 mambo yaliamuliwa: Koitalel alibaki kuwa orkoiyot wa Wanandi, naye Kipchomber akakimbilia kusini, kwa Wakipsigis, pamoja na kikundi kidogo cha wafuasi.

Aliyeshindwa nyumbani alipokewa ugenini. Wakipsigis ni ndugu wa Wanandi kwa lugha na mila, ila hawakuwa na orkoiyot wa namna hiyo juu yao. Isitoshe, walikuwa na jeraha bichi. Miaka michache kabla ya ujio wake, mashujaa wao wengi walikuwa wameangamia katika vita vya Mogori dhidi ya Wagusii na washirika wao. Jamii iliyopoteza vijana wake kwa wingi hutafuta mtu wa kuiambia ni lini ipigane na ni lini itulie. Kipchomber alikuja na ujuzi huo. Kutoka kuwa mkimbizi, akawa kiungo cha vikosi vya Wakipsigis ambavyo hapo awali kila kimoja kilifuata shauri lake. Mashujaa walitafuta baraka zake kabla ya kwenda kuteka ng'ombe, na waliporudi salama walimpa sehemu ya nyara. Watu walimheshimu. Walimwogopa pia, kwani aliyeweza kubariki aliaminiwa kuwa na uwezo wa kulaani.

Nyoka wa chuma naye alikuwa njiani. Reli ilifika ukingoni mwa Ziwa Viktoria mwaka 1901, ikipita kando ya nchi za Wanandi na Wakipsigis. Mwaka 1905 ulikuwa mwaka wa damu kwa jamii zote mbili. Mwezi Juni jeshi la Waingereza liliingia Sotik, ambayo leo imo katika Kaunti ya Bomet, kuwaadhibu Wakipsigis waliokuwa wamewateka Wamaasai mifugo. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 1,850 waliuawa, na maelfu ya ng'ombe yakachukuliwa. Tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo, Koitalel aliyekuwa ameongoza upinzani wa Wanandi kwa takriban muongo mmoja aliitwa kwenye mazungumzo ya amani, akapigwa risasi na Richard Meinertzhagen. Ndugu aliyeshinda katika mzozo wa 1895 alikuwa amekufa, na aliyeshindwa ndiye aliyebaki hai.

Hapa pana jambo linalowahusu hasa wanaoshughulika na lugha. Waingereza hawakuwa na neno la kumwita mtu kama Kipchomber. Waliazima la Kimaasai na kumwita laibon, kisha wakalieleza kwa maneno ya lugha yao yaliyomweka katika kundi moja na wachawi. Lugha za Kinandi na Kikipsigis hazikukosa mipaka. Orkoiyot ni mmoja, chepsogeiyot anayeagua na kutibu ni mwingine, na ponindet, mchawi adhuru watu kwa siri, ni mwingine kabisa. Kiswahili nacho kina mganga, mwaguzi, kuhani na mchawi, na hakuna mzungumzaji anayeyachanganya kwa bahati mbaya. Tafsiri ya watawala iliifuta mipaka hiyo. Ilipokwisha kufutwa, ikawa rahisi kumhukumu mtu kwa jina alilopewa.

Wala haikuwa kwamba Waingereza walichukia siri kwa ujumla. Wengi wa maofisa wa dola yao walikuwa Wafrimasoni, chama chenye ngazi tatu za msingi, yaani ya mwanagenzi, ya fundi na ya fundi mkuu, na chenye daraja nyingine za juu ambazo katika baadhi ya mapokeo hufikia 33. Kila daraja ina kiapo, ishara na fumbo lake. Lord Kitchener alijiunga na chama hicho mjini Cairo mwaka 1883, akapanda hadi kuwa mkuu wake katika Misri na Sudan mwaka 1899, na baadaye katika Punjab. Alizuru Afrika Mashariki mwaka 1911 na kupata shamba Songhor, pembezoni mwa nchi ya Wanandi. Siri zake zilihesabiwa kuwa heshima. Siri za Kipchomber zikahesabiwa kuwa njama. Wote wawili walifariki mwaka 1916. Mmoja alizama na meli ya kivita katika bahari ya Orkney na dola ikamlilia. Mwingine alikufa akiwa mfungwa.

Kifungo hicho kilianza mwaka 1914. Serikali iliamini kwamba Kipchomber na jamaa zake walichochea wizi wa mifugo na ukaidi dhidi ya utawala. Yeye na ndugu zake wawili walitolewa katika nchi ya Wakipsigis, naye akapelekwa Murang'a, mahali ambapo wakati huo paliitwa Fort Hall. Huko hapakuwa na rika lake, wala maotik wa kumletea habari, wala shujaa wa kubarikiwa. Alikuwa mzee wa ugenini kati ya watu wa lugha nyingine. Baada ya miaka miwili akafariki.

Iwapo watawala walidhani siri imekufa pamoja naye, matendo yao ya baadaye yalionyesha hawakuwa na hakika. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za chai zilianza kupanda mashamba makubwa katika ardhi ya Kericho, na hofu ya Talai ikazidi. Mwaka 1934 ilitungwa sheria ya kuwaondoa Malaibon. Watu wapatao 700, wazee, wanawake na watoto, walihamishiwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, nchi ya joto, malaria na mbung'o. Kosa lao lilikuwa kuzaliwa. Maarifa yaliyokuwa ya wachache ndani ya ukoo yakawa hatia ya ukoo mzima, hata ya mtoto mchanga asiyejua lolote. Waliporudi mwaka 1962, wengi walikuta ardhi yao ikiwa na wenyewe wengine.

Madai yao hayajazimika. Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilitambua mwaka 2019 kwamba Wakipsigis na Talai walidhulumiwa, na mwaka 2022 waathiriwa waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katika madai hayo Kipchomber hatajwi kwa ajili ya ramli wala mvua. Anatajwa kama mtu aliyeondolewa kwake, na ambaye baada yake wajukuu wa ukoo wake waliondolewa pia. Alichokijua kama orkoiyot alikwenda nacho kaburini, kama kiapo kilivyomtaka. Alichotendewa hakikuwa siri, na ndicho kinachongoja jibu kati ya vilima vya chai vya Bomet na Kericho.