Bibi Margaret Shurcliff na Kengele za Mkono

Wengi wetu twaijua kengele moja tu, ile ituitayo ibadani Jumapili. Safari hii tunawaletea habari za mama aliyezipenda kengele nyingi, hasa zile ndogo za kushikwa mkononi: Bibi Margaret Shurcliff wa Boston, Marekani.

Alizaliwa mwaka 1879. Baba yake, Dakta Arthur Nichols, alikuwa tabibu, naye alizipenda kengele kupita kiasi. Mjini kwao lipo kanisa la Kianglikana, Christ Church, ambalo watu hulijua zaidi kwa jina la Old North. Mnarani mwake mna kengele nane zilizotengenezwa Gloucester, Uingereza, mwaka 1744. Paul Revere, yule shujaa wa vita vya uhuru, alizipiga alipokuwa kijana. Dakta Nichols alikuwa miongoni mwa waliohangaika ili zisikae kimya, na binti akairithi shauku hiyo.

Upigaji wa Kiingereza haufuati wimbo. Kengele hubadilishana nafasi na jirani zake, wala mpangilio uliokwisha kupigwa haurudiwi. Kwa kengele saba tu ipo mipangilio 5,040! Mpigaji hana karatasi mbele yake. Yote yamo kichwani. Tena apigaye za mkono hushika mbili, moja kila mkono, hivyo hufuata njia mbili kwa wakati mmoja. Mmoja akipotea, kazi ya wenzake wote huharibika.

Mwaka 1902 Margaret alikwenda Uingereza pamoja na baba yake. Siku hizo kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya wanaume. Yeye alimaliza duru mbili kwa siku moja, kila moja ya saa mbili na nusu. Bwana Arthur Hughes, msimamizi wa kiwanda cha kengele cha Whitechapel, London, akamzawadia kengele za mkono. Sisi twaona zawadi hiyo ilipita cheti chochote.

Mwaka 1905 aliolewa na Bwana Arthur, mbuni wa bustani, wakajaliwa watoto sita. Kengele hazikufungiwa kabatini. Mwaka 1923 alianzisha kikundi cha wapigaji mtaani kwao, Beacon Hill, na mkesha wa Krismasi wakawa wakizunguka barabarani wakipiga nyimbo za Noeli. (Wapigaji wa kale huenda wangenung'unika kusikia nyimbo, lakini majirani walifungua madirisha.) Makanisa nayo yakaanza kutaka kengele zao.

Mwaka 1937 ulianzishwa umoja wa wapigaji wa New England. Kisha mwaka 1954, Margaret akiwa na umri wa kama miaka 75, wapigaji walikutana Castle Hill, Ipswich, jimbo la Massachusetts, wakaunda chama cha nchi nzima, naye akawa rais wake wa kwanza. Alifariki mwaka 1959.

Kiwanda cha Whitechapel kilifunga milango mwaka 2017. Chama chake kingali hai, ila tangu 2010 kinaitwa Handbell Musicians of America.