Woody Guthrie na wachimbaji wa shaba wa Calumet

Bandugu wa mugodi, na nyinyi bamama na batoto wa camp, leo tunawaletea maisha ya mutu wa Marekani ambaye hakuwa mchimbaji, lakini alibeba wafu wa mugodi mu gitare yake.

Woody Guthrie alizaliwa tarehe 14 Julai 1912 ku Okemah, jimbo la Oklahoma. Mama yake alishikwa na ugonjwa wa Huntington, unaoharibu akili na mishipa, na jamaa ikatawanyika. Woody akaanza kutembea na kuimba ili apate kula. Wakati ukame ulifukuza wakulima mpaka California, naye akaenda. Mu 1940 alitoa disque juu ya mateso ile.

Kiisha, mu miaka ile ya 1940, alirekodi disque ingine, Struggle. Mule mna nyimbo mbili zenye kutuhusu. Habari yake aliisoma mu kitabu cha mama Ella Reeve Bloor, mupiganaji wa wafanyakazi.

Wimbo wa kwanza ni wa Calumet, Michigan, inchi ya shaba sawa kwetu. Mwezi wa 7 mu 1913 wachimbaji waliingia mu greve. Waliomba saa 8 za kazi na dola 3 kwa siku. Tena walikataa mashini mupya ya kutoboa mawe, inayoshikwa na mutu mumoja: jiwe likikuangukia na mwenzako hayuko, nani atasikia? Tarehe 24 Desemba watoto wao walifanyiwa feti ya Noeli ku etaje. Mutu akalia kwamba kuna moto. Moto haukuwako. Watu 73 walikufa mu ngazi, na 59 walikuwa watoto.

Wa pili ni wa Ludlow, Colorado. Wachimbaji wa makaa walikuwa wamefukuzwa mu nyumba za kompani, wakalala mu mahema. Tarehe 20 Aprili 1914 askari wakawapiga risasi, mahema yakaungua. Wamama 2 na watoto 11 walikufa mu shimo chini ya hema.

Wimbo wa Calumet unasema watu wa bapatron walishika mulango. Lakini hakuna aliyehukumiwa, na wenye kuandika historia wanabishana mpaka sasa. Sisi wa sindika tunapenda wimbo, lakini tunataka pia hesabu ya kweli, maana uwongo mudogo unamupa patron njia ya kukana yote.

Woody alikufa tarehe 3 Oktoba 1967 ku New York, na ugonjwa ule wa mama yake, kiisha miaka mingi ya hospitali. Mikono haikuweza tena gitare.

Ku Elisabethville, Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipigwa risasi mu greve. Watoto wetu wangapi wanajua? Kama kwenu mungali na mzee anayekumbuka, mumuulize majina na muyaandike, mbele hajaondoka.