Denis Burkitt, daktari wa Mulago aliyeisaka saratani kwenye ramani

Miongoni mwa saratani zinazowashambulia watoto wa Afrika ya Mashariki na ya Kati, ipo moja inayovimbisha mataya na matumbo yao, nayo huitwa kwa jina la daktari aliyeitambulisha kwa ulimwengu akiwa Uganda. Daktari huyo ni Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliyefariki dunia Machi 23, 1993 akiwa na umri wa miaka 82. Hakuwa na maabara kubwa wala fedha nyingi. Alikuwa na ramani, gari kuukuu na swali ambalo wenzake wengi hawakuwa na mazoea ya kuliuliza: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani?

Jicho moja

Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 katika mji wa Enniskillen, ambao leo upo Ireland ya Kaskazini. Baba yake, James Burkitt, alikuwa mhandisi wa jimbo, naye alipenda mno kuchunguza ndege. Aliwafunga miguuni vipete vidogo ili aweze kumtambua kila mmoja wao, kisha akachora ramani ya mipaka ya eneo ambalo kila ndege alilihesabu kuwa lake. Mazoea hayo ya kutazama kwa subira na kuandika kila jambo mahali lilipotokea yalimrithi mwana.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa na jiwe katika ugomvi wa watoto. Kioo cha miwani kilivunjika na jicho moja likapotea. Alipokwenda Chuo cha Trinity mjini Dublin alianza na uhandisi, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Baadaye akafuzu kuwa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi katika utumishi wa makoloni ya Uingereza alikataliwa, kwa kuwa daktari wa upasuaji mwenye jicho moja alionekana hafai. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomfungulia njia. Alijiunga na jeshi akiwa daktari, akatumikia Kenya na Somalia, na vita vilipokwisha alikubaliwa kwenda Uganda mwaka 1946.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, kaskazini mwa nchi. Huko aliwapasua wanaume wengi waliokuwa na mabusha, akagundua kwamba maradhi hayo yalikuwa ya kawaida sana upande wa mashariki wa wilaya na ya nadra upande wa magharibi. Aliandika matokeo hayo mwaka 1951. Baadaye ilidhihirika kwamba tofauti hiyo ilifuata kuenea kwa minyoo ya matende, ambayo husambazwa na mbu. Hilo lilikuwa zoezi lake la kwanza la kuusoma ugonjwa kwa kutazama ramani.

Watoto wawili

Kufikia mwaka 1957, Burkitt alikuwa akifanya kazi katika hospitali ya Mulago, Kampala. Siku moja daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume mwenye umri wa takriban miaka mitano. Taya la juu na la chini yalikuwa yamevimba, kulia na kushoto. Haikuwa kawaida kwa uvimbe mmoja kuota sehemu nne kwa pamoja, wala kwa maambukizi kufanya hivyo. Wiki chache baadaye, alipotembelea hospitali ya Jinja, Burkitt alimwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Alipompima alikuta uvimbe tumboni pia.

Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu tu, lakini wawili walihitaji maelezo. Burkitt alirudi Mulago akapekua majalada ya wagonjwa na ripoti za uchunguzi wa maiti. Alibaini kwamba watoto wenye uvimbe wa mataya mara nyingi walikuwa na uvimbe katika figo, ini au ovari. Magonjwa yaliyokuwa yakiandikwa kwa majina tofauti, kufuatana na kiungo kilichoonekana, yalikuwa ugonjwa mmoja. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958, na wataalamu wa patholojia wakathibitisha baadaye kwamba hiyo ilikuwa saratani ya seli za limfu, yaani seli za kinga ya mwili.

Safari ya kilomita 16,000

Kwa ruzuku ya pauni 25, Burkitt alichapa vipeperushi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika, akiuliza kama madaktari wa huko wamewahi kuona kitu kama hicho. Kila jibu la ndiyo liliwekewa alama kwenye ramani ukutani. Alama zikafanya ukanda mpana uliokatiza Afrika ya kitropiki, na ukanda huo ulikuwa na mapengo yasiyoelezeka.

Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu pamoja na madaktari wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams, aliyetoka hospitali ya Kuluva katika eneo la West Nile, alikuwa pia fundi hodari wa magari, jambo lililofaa sana kwa barabara za wakati huo. Kwa muda wa wiki kumi hivi walisafiri takriban kilomita 16,000 hadi kusini mwa Afrika na kurudi, wakipita katika hospitali zaidi ya 50. Kila mahali walionyesha picha zao na kuuliza swali lilelile.

Majibu yalianza kupangika. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa nadra katika maeneo yaliyozidi mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Ndiyo maana nyanda za juu za Kenya, za kusini magharibi mwa Uganda, za Rwanda na za Burundi zilikuwa na nafuu, ilhali mabonde ya joto na kandokando za maziwa na mito zilikuwa na wagonjwa wengi. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka huo ulishuka. Alexander Haddow, aliyeongoza taasisi ya utafiti wa virusi mjini Entebbe, ndiye aliyebainisha kwamba kizuizi chenyewe hakikuwa urefu wa milima bali baridi. Penye baridi kali au mvua chache, ugonjwa haukuonekana. Ilikuwa ramani ya mbu. Dalili nyingine ilitoka Unguja na Pemba, visiwa vyenye joto na mvua, ambako malaria ilikuwa imepunguzwa sana na ugonjwa huo nao haukuwapo.

Virusi na malaria

Machi 1961, kabla ya safari hiyo, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Wakakubaliana kwamba vipande vya uvimbe vitumwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa muda mrefu Epstein hakuona chochote. Hatimaye, mwaka 1964, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kwamba wameviona virusi ndani ya seli hizo kwa hadubini ya elektroni. Hivyo ndivyo virusi vya Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, vilivyogunduliwa.

Virusi hivyo huenezwa kwa mate, na watu wazima walio wengi duniani wanavyo bila kupata madhara makubwa. Tofauti inaletwa na malaria. Mtoto anayeugua malaria mara kwa mara hupungukiwa na uwezo wa kuvidhibiti virusi, huku seli zake za kinga zikichochewa kugawanyika kwa wingi. Katika kugawanyika huko, hitilafu ikitokea kwenye chembe za urithi, seli moja inaweza kugeuka saratani. Burkitt hakuyafahamu yote hayo alipoanza, ila ramani yake ndiyo iliyoelekeza pa kutazama.

Kwa upande wa tiba, upasuaji haukufaa kitu, na Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Burkitt akajaribu dawa za sindano zilizokuwa bado changa wakati huo. Uvimbe uliokuwa ukikua kwa kasi ya kutisha uliyeyuka ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kabisa baada ya dozi chache tu. Mwaka 1967 kituo maalumu cha matibabu ya ugonjwa huo kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Somo la chakula cha Waafrika

Burkitt alirejea Uingereza mwaka 1966, na mwaka uliofuata alikutana na daktari wa jeshi la majini, Peter Cleave, aliyeamini kwamba sukari na unga mweupe uliokobolewa ni chanzo cha maradhi mengi ya nchi tajiri. Burkitt alikumbuka kwamba katika miaka yake 20 ya Uganda alikuwa ameona kwa nadra mno kidole tumbo, bawasiri au saratani ya utumbo mpana, maradhi yaliyojaa katika hospitali za Uingereza. Akarudi kwenye ramani na vipeperushi.

Mwaka 1972, yeye na wenzake walichapisha vipimo vilivyowashangaza wengi. Kwa wanakijiji wa Uganda, chakula kilipita mwilini kwa takriban siku moja na nusu, na choo chao kilikuwa kingi na laini. Kwa Waingereza waliopimwa kilichukua zaidi ya siku tatu, na choo kilikuwa kidogo na kigumu. Burkitt alisema tofauti ni nyuzinyuzi zilizomo katika nafaka zisizokobolewa, maharagwe, mboga na matunda.

Si kila dai lake lilisimama. Wakosoaji walieleza kwamba wanakijiji wa Uganda walikuwa na umri mdogo zaidi, walifanya kazi nyingi za mikono, na wagonjwa wengi hawakufika hospitali wakahesabiwa. Hata hivyo kiini cha hoja yake kimedumu. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mtu mzima ale angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na tafiti zinazionyesha kuwa kinga mojawapo dhidi ya saratani ya utumbo mpana, magonjwa ya moyo na kisukari.

Yaliyobaki

Jambo la kusikitisha ni kwamba chakula alichokisifu Burkitt mbele ya Wazungu kinaachwa sasa katika miji ya kanda aliyojifunzia. Ulezi, mtama na dona vinapisha sembe, mkate mweupe na soda, na maradhi aliyokuwa haoni Mulago yanazidi kuonekana.

Nao ugonjwa wenye jina lake haujatoweka. Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya tisa kati ya kumi wanaougua saratani hiyo hupona. Katika kanda hii idadi ya wanaopona ni ndogo zaidi, kwa sababu wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa au hukatiza matibabu. Taya linalovimba, meno yanayolegea kabla ya wakati wake, jicho linalotokeza nje au tumbo linalojaa kwa haraka ni dalili zinazotaka hospitali siku hiyohiyo, maana uvimbe huo unaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa siku chache. Dawa alizozijaribu Burkitt zaidi ya miaka 60 iliyopita zingali msingi wa tiba, na mtoto anayewahishwa ana nafasi kubwa ya kupona.